Mtani Aliyelia Tingi

Mwaka ule wagonjwa wa Kilwa Kivinje walipona kwa woga. Mzee Khamisi, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba miaka miwili hata akawa anauwekea kiti chake peke yake kama mgeni wa heshima, alipoambiwa kwamba Romana Likwata anaulizia nyumba yake, aliruka ukuta wa uani. Na ukuta wenyewe ni ule wa mawe, wa enzi za Mjerumani, mrefu kuliko mlango. Walioshuhudia wanaapa kwamba mguu ulitangulia, mzee akafuata.

Kuna bibi wa mtaa wa pili, wanawe walikwishamnunulia sanda, huyo naye alikutwa uani anatwanga kisamvu, jasho linamchuruzika, huku anaimba kwa sauti ili wapita njia wasikie kwamba pumzi bado imo. Kwenye zahanati vitanda vilibaki vitupu. Muuguzi akaamua kufuma vitambaa vya makochi. Kufika mwezi wa saba alikuwa amevisha makochi ya mji mzima na ameanza kuvisha mitungi.

Aliyeyafanya yote hayo wala hakuwa mganga. Alikuwa mwanafunzi, na kila mgonjwa aliyeinuka alikuwa anamharibia masomo.

Romana alikuwa na miaka thelathini na miwili, anasomea udaktari. Udaktari wenyewe si ule wa sindano, ni ule wa vitabu, katika elimu ya watu na mila zao ambayo wenyewe wanaiita anthropolojia. Mada aliyojichagulia ilikuwa kifo: watu wa pwani ya Kilwa na Lindi wanamsindikizaje anayekufa, wanamzikaje, na wanaobaki wanainukaje. Alikuwa amesoma mazishi ya nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi. Alichokosa ni mtu wa kukubali kufa naye yupo. Na msimamizi wake kule chuoni, Profesa Valentini, alikuwa amechoka kungoja. Alimwandikia: “Sura ya tatu iko wapi? Mwisho wa Septemba nisipopata msiba hata mmoja ulioufuata kutoka kitandani mpaka kaburini, kamati itakubadilishia mada. Kuna nafasi ya mtu wa kuchunguza ngoma za harusi.”

Romana hakutaka harusi. Miaka minne nyuma baba yake, Mwalimu Benjamin Likwata, alifia hospitalini Dodoma siku ya Jumanne, Jumatano wakamzika. Watu wenye suti walisoma wasifu, wakala, wakaingia kwenye magari. Romana alirudi nyumbani hajui mikono yake aiweke wapi. Akangoja machozi wiki nzima, akangoja mwezi, hayakuja. Mwishowe akaenda kujiandikisha chuo kikuu, kama mtu aliyepotelewa na kitu nyumbani kwake akaenda kukitafuta maktaba.

Basi asubuhi moja alimfuata mwenye nyumba wake, Maimuna, mwanamke wa Kivinje asiyejua kunong'ona, aliyekuwa anakaanga vitumbua barazani.

“Da Maimuna, niambie kweli. Nimewakosea nini watu wa hapa?”

Maimuna akageuza kitumbua. “Unataka nianzie wapi?”

“Kwani ni mengi?”

“Ni moja, lakini lina uzito. Ulilia Tingi.”

Romana akakaa kwenye kibao cha mbuzi. Kijiji cha Tingi alikikumbuka. Ilikuwa mwezi wa nne, wiki yake ya kwanza, kwenye msiba wa Mzee Ibrahimu Mbonde. Alipokewa kwa shangwe hata akashangaa. Alisema tu, “Naitwa Romana Likwata, babu yangu alitoka Kitomanga,” na watu wakapeana habari kwa macho, wakamfungulia njia, wakamsafishia uwanja katikati. Yeye akaona ni ukarimu. Akakaa pale katikati na daftari lake, na mara yale machozi ya Dodoma, aliyoyangoja miaka minne, yakaona hapa ndipo. Alilia mpaka wajane wakaacha kulia wakaanza kumtazama.

“Nilimwonea uchungu marehemu,” akasema. “Kulia msibani kosa?”

“Kwangu mimi si kosa. Kwako ni kosa. Likwata na Mbonde ni watani tangu mababu, mwanangu! Mbonde akifa, Likwata ndiye anayekwenda kuvuruga msiba. Analala mlangoni jeneza lisipite. Anavaa nguo za marehemu anamwigiza. Anawatukana wafiwa mpaka wacheke, wapate nguvu ya kuzika. Watu walikuona wakasema alhamdulillahi, mtani kaja. Wewe ukaketi ukalia kuliko wajane.”

“Lakini utani naujua! Nimeuandikia kurasa kumi na mbili.”

“Na wewe umo humo kwenye kurasa?”

Romana hakuwamo. Alikuwa ameandika makabila, alikuwa ameandika koo, alikuwa ameandika mtani anavyoingia kaburini akakataa kutoka. Habari ya ukoo wake mwenyewe hakuna aliyemwambia. Baba yake alikuwa mtu wa chaki na kalamu nyekundu. Mambo ya Kitomanga aliyaacha Kitomanga.

“Sasa mtani akilia,” Maimuna akaendelea, na sauti yake ikawafikia wanunuzi wa vitumbua waliokuwa bado njiani, “watu wanajiuliza, huyu analilia nini? Kazi yake ni kucheka. Akilia, ana majuto. Majuto ya nini? Ya aliyoyafanya. Ndipo wakasema umemla Ibrahimu, na sasa unapita nyumba kwa nyumba na daftari kuandika wanaofuata.”

“Mungu wangu. Nifanyeje?”

“Nenda Tingi. Hao ndio uliowakosea. Mimi nitakufungia vitumbua vya kupelekea, lakini usiwaambie vimetoka kwangu, wasije wakaniweka kwenye daftari na mimi.”

Nyumba ya akina Mbonde pale Tingi iko ukingoni mwa mikorosho. Mlangoni alisimama Twalib, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mpwa wa marehemu Ibrahimu, mabega kama mlingoti wa umeme uliolazwa. Mikono kaikunja.

“Umerudi,” alisema.

“Nimekuja kuomba radhi, kaka Twalib.”

“Mama anaumwa. Moyo umevimba, maji yamejaa miguuni. Hospitali wametupa vidonge na maneno mazuri wakaturudisha. Sasa na wewe umenusa?”

Kabla Romana hajafungua kinywa, sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini ina makali.

“Nani huyo? Likwata? Mlete! Mlete nimwone mchawi asiyeweza hata kupanda ungo!”

Huyo alikuwa Bi Kijakazi Mbonde, mama yake Twalib na dada wa marehemu. Alilala kitandani ameegemea mito mitatu, mkononi kopo la ugoro, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Wagonjwa wa Kivinje wote walimkimbia Romana; huyu alimkazia macho kama mnunuzi wa kuku sokoni.

“Shikamoo, bibi,” Romana akasema, akapiga goti.

“Shikamoo ya nini? Tangu lini Likwata akamwamkia Mbonde? Toka nje. Uingie upya, uingie vizuri.”

Romana akatoka. Akasimama ukumbini na Twalib anamtazama. Akavuta pumzi, akaingia.

“Bibi,” akasema, “umezeeka.”

Bi Kijakazi akafunika kopo la ugoro.

“Hilo tusi,” Bi Kijakazi akauliza, “au taarifa?”

Twalib, kule mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

“Kaa chini,” akasema Bi Kijakazi. “Ungekuwa mchawi ungejua japo kutukana. Wewe hujui kitu. Sikiliza. Likwata wa mwisho aliyeijua kazi alikuwa Damiani wa Kitomanga. Siku tuliyomzika mama yangu aliingia na beberu, kalifunga kilemba, akatangaza kwamba huyu ndiye mfiwa mkuu. Watu wakapanga foleni kumpa mkono wa pole. Sheikh mwenyewe alifika mpaka wa tatu ndipo akashtuka! Beberu lenyewe, wallahi, lilikuwa linaitikia. Sasa Damiani kafa mwaka juzi. Vijana wenu wengine wako Dar wanauza vioo vya simu. Kaka yangu Ibrahimu kazikwa kimya kama mtu anayefukia mbegu za mahindi. Na mimi ndiye ninayefuata. Nalala hapa najiuliza, mimi nani atanichekeshea watu? Ndipo Mungu, kwa ajabu zake, ananiletea wewe, bomba lililopasuka.”

“Bibi, unataka mimi…”

“Nataka unizike kwa vicheko. Nitakufundisha mwenyewe, maana sina wa kumtuma. Na wewe andika humo kwenye daftari lako unavyotaka, mpaka nikate roho. Si ndicho unachotafuta?”

Romana akasogea karibu na kitanda. Ndicho. Akafungua mkoba, akatoa karatasi za chuo. “Kwanza kuna fomu ya ridhaa, bibi. Hapa inasema unaweza kujitoa wakati wowote.”

“Kujitoa wapi?”

“Kwenye utafiti.”

“Na kwenye kufa?”

“Hapo hawajaweka.”

“Basi chuo chenu hakina msaada.” Akapaka wino, akagandamiza kidole gumba kwa nguvu kama anaua kunguni.

Wakati wa kutoka, Twalib alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. “Mama kakubali, mimi sina neno,” akasema. “Lakini nikuambie mapema. Siku hiyo ikifika, ukilia hapa kwetu mara ya pili, usirudi. Na nitahakikisha hakuna nyumba itakayokufungulia, kuanzia Masoko mpaka Lindi mjini.”

Wiki tano Romana alikwenda Tingi, kwanza siku tatu kwa wiki, kisha kila siku. Aliandika: mgonjwa anakula nini, anakataa nini, nani anakuja kumwona na anakaa muda gani, majirani wanaaga kwa maneno gani na wanayapitisha wapi yale wasiyoweza kusema. Alijifunza kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi, kutoka vidoleni kwenda juu, ili maji yapande. Alijifunza kushika kikombe cha uji kwa pembe ambayo Bi Kijakazi hakuona ni matusi. Na alasiri, pumzi ikiruhusu, palikuwa na darasa.

“Nitukane.”

“Bibi, leo umelala vibaya, ngoja kesho.”

“Nikifa usiku wa leo, utawaambia waombolezaji nilikuwa nimelala vibaya? Nitukane!”

“Una… una kiburi.”

“Hilo watu wananisifia. Tafuta jingine.”

Polepole Romana akashika. Mwendo wa Bi Kijakazi wa enzi za uzima ulikuwa wa kubetua nyonga ya kushoto, na alidai kwamba akiwa msichana alipita hivyo mbele ya boma la Kivinje na nyufa zile zilizoko ukutani hadi leo ndipo zilipotokea. Romana akaubetua mpaka Twalib akaondoka chumbani. Akajifunza kunusa ugoro, kupiga chafya na kulaumu jirani. Lakini somo lililo kuu lilimshinda, nalo lilikuwa kuigiza kilio chake Bi Kijakazi.

Maana Bi Kijakazi alikuwa mliaji mwenye sifa zake. Tarafa nzima msiba haukuwa msiba mpaka afike. Akiingia uani huanza kwa juu kama king'ora, na jicho moja linalia, jingine linakagua jikoni. Kilio chenyewe kilikwenda hivi: “Uuuwi, ndugu yangu weee, umeniacha na nani? Jamani, nani anaangalia ule wali? Umeniacha na nani weee! Punguzeni moto!” Wali wa misiba ya Tingi haukuwahi kuungua miaka arobaini.

Romana alijaribu. Bi Kijakazi akaziba masikio.

“Unalia kama mtu wa kwenye redio! Kilio kinatoka tumboni. Wewe chako kinatoka kwenye fomu.”

Siku moja katika siku hizo, mvua ya kupotea njia ikipiga mabati, Romana alikuwa anamkanda miguu. Bi Kijakazi akauliza, bila kejeli, “Baba yako nani alimtania?”

“Hakuna, bibi.”

“Dodoma nzima hamkupata Mbonde mmoja?”

“Hatukujua kama tunamhitaji.”

Bi Kijakazi akatikisa kichwa. “Alikuwa mtu wa namna gani? Kitu gani hakuweza kukiacha?”

Romana akafikiri. “Kusahihisha. Alitembea na kalamu nyekundu. Alisahihisha kadi za harusi tulizoletewa. Alisahihisha dawa, maelezo ya kwenye kasha, anayazungushia duara. Siku ya mwisho hospitalini alimwomba nesi cheti chake aone kama wameandika jina vizuri.”

“Ala!” Bi Kijakazi akajiinua kwenye mito. Hakuwa na pumzi ya kujiinua, lakini alijiinua. Akauelekeza mkono kwenye pembe ya chumba kana kwamba jeneza liko pale. “Wewe Benjamin Likwata! Umekufa Jumanne kwa sababu Jumatatu ulikuwa hujamaliza madaftari! Na huko ulikokwenda, malaika anakusomea daftari la matendo yako, na wewe hujali dhambi, unamwambia, ‘Samahani, hapa umesahau nukta!’ Umemchelewesha malaika miaka minne! Foleni nyuma yako inafika baharini! Mpishe mwenzio, mwalimu mwenye roho ngumu kama chaki ya mvua!”

Chaki ya mvua hailingani na roho ngumu hata kidogo, na pengine ndiyo iliyommaliza Romana, maana baba yake angeisahihisha. Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka kichwa chake kikaangukia kwenye magoti ya mgonjwa, na Bi Kijakazi akawa anampiga mgongoni huku mwenyewe anakohoa na kucheka na kutafuta pumzi. Alipotulia, Romana aliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu Dodoma amemkumbuka baba yake akiwa mzima, na kalamu yake mkononi.

Siku hiyo ndipo alipojua pia kwamba kazi imeharibika. Alikuwa amempenda huyu bibi. Na utamcheka vipi mtu unayempenda siku anayotolewa mlangoni?

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, saa mbili asubuhi, simu ililia. Twalib.

“Mama kaenda, baada ya sala ya alfajiri. Njoo ufanye kazi yako, au usije kabisa.”

Romana akajifunga kanga ya Bi Kijakazi, aliyopewa kwa kazi hiyo pamoja na kopo la ugoro, akajitanda nyingine kichwani. Maimuna akaacha vitumbua kwenye mafuta akaenda naye. “Lazima nione,” alisema. “Ukishinda nitasema ni mpangaji wangu. Ukishindwa nitasema sikujui.”

Uwanja wa Tingi ulikuwa umejaa. Wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi upande wa barabarani, sufuria ya wali inatokota kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Walipomwona aliyevaa ile kanga, mazungumzo yakakatika. Palikuwa na watu wa Kivinje waliomkimbia miezi minne. Leo hawakukimbia, walisogea waone.

Romana alikuwa ameandaa maneno. Aliyaandika, aliyakariri njiani. Lakini kupitia mlango uliofunguliwa aliona kitanda, na ile mito mitatu imeshapangwa pembeni, moja juu ya nyingine, haina kazi. Maneno yote yakatoka kichwani. Akasikia chozi linashuka shavuni, moto, halafu la pili.

“Usilie wewe!” Maimuna akamfinya. “Usilie, shetani wee!”

Watu wameona. Mnong'ono ukapita mikekani. Twalib naye aliona. Akaondoka kwenye mabenchi, anakuja, hatua ndefu, uso umefungwa.

Romana alijua kilio hakirudi tena. Kilikuwa kinapanda kutoka tumboni kama maji ya kisima kilichochimbwa upya, na hakuna mkono wa kukizuia. Basi akakiachia. Lakini alipokiachia alibetua nyonga ya kushoto, akaitupa mikono juu ya kichwa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

“Uuuwi! Bibi yangu weee! Umeniacha na nani?” Na jicho moja likageuka kuelekea nyuma ya nyumba. “Jamani, nani anaangalia ule wali?”

Twalib akasita katikati ya uwanja, mguu mmoja mbele.

“Umeniacha na nani weee! Punguzeni moto, nimesema!”

Mwanamke mmoja kwenye mkeka akatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa. Wa pili akafuata. Huko jikoni, msichana wa kukoroga, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliruka akavuta kuni mbili, na hapo ndipo uwanja ukapasuka. Walicheka wakaangukiana. Romana akapita katikati yao anabetua, anamwaga machozi ya kweli na hakuna aliyeyatambua, au kama wapo waliyatambua wakayaacha yapite, akachomoa kopo la ugoro, akanusa, akapiga chafya, akamgeukia Maimuna: “Nani kanirogea pua? Ni huyu wa vitumbua!” Maimuna, ambaye hakujua kwamba yumo mchezoni, akakimbia mpaka barabarani.

Kisha mwili ukaletwa ukumbini, umeshaoshwa na kuvishwa sanda, ndani ya jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani. Wanaume wakalishika. Romana akalala kifudifudi kizingitini.

“Hatoki mtu!” akasema. “Nyie Mbonde mna haraka gani? Babu yenu alikimbizwa na kima akamwacha mkewe juu ya mti! Leo ndiyo mmejua kukimbia na mwanamke? Mrudisheni ndani, bado hajamaliza kunisema!”

Sheikh, ambaye mambo hayo hakuyapenda, aliinua macho akayachunguza mabati kama fundi, lakini ndevu zilikuwa zinamtetemeka.

Twalib alisimama mbele ya jeneza, bega chini ya mti. Uso wake ulikuwa bado umefungwa.

“Pisha, Likwata,” alisema taratibu.

“Sipishi mpaka mfiwa anitukane. Huyu mama kakuzaa, kakulea, kinywa chake chote kile, na wewe umetoka bubu? Watu watasema ulibadilishwa zahanati!”

Twalib akafungua kinywa, akafunga. Kila mtu alimtazama.

“Toka hapo,” akasema, na sauti ikampasuka katikati, “toka hapo, bomba la idara ya maji! Nyie Likwata… nyie Likwata mliuza mlango wa nyumba yenu mkanunua kufuli! Umekuja kusomea kifo, miezi minne hakuna aliyekubali kufa, mpaka mama yangu akakuonea huruma! Pisha, tumzike, au nitakuzika na wewe kwa bei ya jumla!”

Alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka kwenye ndevu na anacheka, na waliobeba naye wakawa wanacheka, hata jeneza likawa linatikisika mabegani mwao. Romana akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akapisha. Bi Kijakazi Mbonde akatoka nyumbani kwake juu ya vicheko, wanaume wakaitikia kalima, sauti zao zikapotea mikoroshoni.

Alasiri, wanaume wamerudi, watu wanakula wali ambao haukuungua, Romana alikaa pembeni na daftari magotini. Alikuwa bado hajaandika neno. Mwanamke mmoja wa Kivinje akaja akachuchumaa mbele yake, akajitambulisha kwa jina la Zuwena.

“Mama yangu anaumwa,” alisema. “Kanituma nikuulize kama Jumamosi una nafasi. Si kwamba yuko hoi, hapana. Ila anasema ana visa vingi na wewe unaandika polepole, kwa hiyo bora muanze mapema.”

“Mwambie nitafika,” Romana akasema. “Mwambie nitakuja na madaftari mawili.”

Zuwena akaondoka. Twalib akaja na sahani yake, akajitupa kwenye mkeka, akala kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, na ya Romana hivyo hivyo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

“Sura yako umepata?” Twalib akauliza.

“Nimepata. Ila sijui Profesa atasemaje akisoma kwamba nililala kizingitini.”

“Mwambie aje nimtukane.” Akatafuna. “Na wewe utazikwa wapi?”

Romana akainua kichwa. Alikuwa amesoma vifo vya mabara matano, ameandika kurasa mia na tisini, na swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata yeye mwenyewe.

“Sijui. Labda Dodoma, kwa baba.”

“Dodoma!” Twalib akaweka sahani chini. “Nani atakuja Dodoma kukuvuruga? Unataka tupande basi siku nzima tufike tumechoka, tukutukane tumekaa? Chagua mahali pa karibu, bwana. Mimi na wanangu lazima tuje. Ndiyo kazi yetu.”

Romana akaitazama mikorosho, ambayo maua yake yalikuwa yameanza kuchanua. Alitaka kujibu kwa mzaha, mzaha ukakataa.

“Kitomanga,” alisema.

“Kitomanga nafika.” Twalib akaichukua tena sahani yake. “Ila usije ukafa mwezi wa kumi na moja. Tutakuwa tunaokota korosho.”